Mwali wa Stoo

Mtu akisema mbele yangu kwamba akiba haiozi, huwa nanyamaza. Si kwamba nimekubali. Nimechoka tu kubishana na watu ambao hawajawahi kutunza kitu kikawafia mikononi.

Nilikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha kubangua korosho, nje kidogo ya mji wa Lindi. Watu wakisikia stoo hudhani nilikaa kwenye kiti nikigawa mifagio na sabuni. Mifagio niligawa, na sabuni pia ilipokuwepo. Lakini kazi iliyokula ujana wangu ilikuwa kutafuta vipuri vya kabati moja la chuma lililosimama kwenye chumba kidogo cha vioo, mkabala na tangi la kukaangia. Kabati hilo ndilo lililoendesha kiwanda kizima, na waliolitengeneza walikuwa nchi za mbali.

Nieleze kidogo, maana siku hizi hata watoto wa Lindi hawajui. Korosho zilipitishwa kwenye tangi la mafuta ya moto, mafuta yaliyotoka kwenye maganda ya korosho zenyewe. Zikichelewa kutoka kidogo tu, zinaungua. Zikiwahi kutoka, ganda linagoma na punje inavunjika. Hapakuwa na mtu wa kusimama pale akikisia. Kabati ndilo lililopima joto, likaamuru moto upande au ushuke, likaamuru mkanda wa kubebea korosho uende au usimame. Ndani yake kulikuwa na kadi zilizopangwa wima kama sahani kwenye kichanja, kila moja na kazi yake: hii ya joto, ile ya mkanda, ile ya kuwagawia wenzake umeme. Kadi moja ikigoma, kiwanda chote kilisimama, na kina mama wa kumenya, ambao walikuwa wengi kuliko wafanyakazi wengine wote, walikaa kwenye mabenchi yao wakitazamana.

Kiwanda kilijengwa na wageni. Walikijenga vizuri, siwezi kuwasingizia. Walifunga laini mbili, kila laini na kabati lake, wakapiga picha siku ya uzinduzi, wakaenda zao. Laini ya pili haikufanya kazi muda mrefu. Nilipokabidhiwa funguo za stoo ilikuwa imeshasimama, na sisi tulikuwa tumeshaanza kuila. Kila kitu kilichokufa kwenye laini ya kwanza tulikwenda kukitoa kwenye ya pili. Tuliiita Marehemu. Fundi wa umeme akihitaji kitu alipita mlangoni kwangu akasema, “Twende tukarithi,” nami nikachukua funguo.

Huyo fundi alikuwa mtu wa Rondo, mtu mzima, makamo ya baba yangu mdogo. Wale wageni wenyewe ndio waliomfundisha kazi, na alikuwa akiwakumbuka kwa heshima niliyoiona imezidi. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kugeuza shingo, macho kwenye vile vitaa vidogo vya kijani vya kabati. Tulikuwa na maadui wawili, mimi na yeye. Wa kwanza ni chumvi ya bahari, inayoingia hata kwenye sanduku lililofungwa. Wa pili ni moshi wa mafuta ya maganda ya korosho. Mafuta yale yanababua ngozi ya mtu, sembuse shaba nyembamba kama unywele. Kila mwisho wa juma fundi alizichomoa kadi moja moja, akazisafisha kwa spiriti na mswaki, akazianika chumbani kwenye kitambaa cheupe. Kina mama walimtania kwamba mkewe hajawahi kuogeshwa hivyo. Yeye alicheka tu, akaendelea kusugua.

Miaka ya dhiki tulizoea kuomba. Ukitaka kipuri unaomba Dar es Salaam, Dar es Salaam nao wanaomba fedha za kigeni, na wewe unasubiri mpaka unasahau uliomba nini. Halafu ikaja ruksa, kila mwenye fedha akaachiwa kuleta bidhaa na kuuza. Nani hakuifurahia ruksa? Maduka ya Lindi yalijaa dawa ya meno, redio, chupa za chai zenye maua, mitumba ya kila rangi. Mama yangu, ambaye alikuwa amezoea kukata mche wa sabuni vipande kwa uzi ili udumu, alinunua miche mizima akaiweka chini ya kitanda, asiitumie, kwa kuogopa neema ile isije ikaondoka. Nasi kiwandani tukajiambia kwamba kama dawa ya meno imerudi, kadi nazo zitarudi. Ndivyo tulivyokuwa wajinga. Dawa ya meno inatengenezwa kila siku.

Mwaka huo kadi ya joto ilianza kusumbua. Ilikuwa inasahau. Moto unapanda, yenyewe kimya, mpaka korosho zinatoka nyeusi. Fundi aliifungua akaitia viungo vya redio mbovu, akaunga na waya aliouchomoa sijui wapi, mwisho akaishikiza na kipande cha mshipi wa mwavuli. Ikakubali. Ilikuwa mbaya wa sura lakini ikakubali, na meneja akanituma Dar es Salaam nikatafute mpya kabla haijabadili mawazo.

Barabara ya wakati ule sina haja ya kuisimulia kwa mtu wa Kusini. Tulilala Somanga kwa ajili ya tope, tukalala tena ukingoni mwa mto Rufiji tukingoja pantoni ituvushe. Nilifika kwa wakala wa ile kampuni ya kabati nikiwa na tope lililokauka mpaka magotini, nikaingia ofisi yenye ubaridi wa mashine na kijana mwenye tai.

Nilimwonyesha kadi moja mbovu niliyokwenda nayo kama mfano. Aliigeuzageuza.

“Mama, hizi hazitengenezwi tena.”

“Tangu lini?”

“Zamani kidogo. Wameacha aina hii yote. Siku hizi ni kompyuta.”

“Na waliokwisha kununua aina hii?”

Alinihurumia, nakumbuka. Hakuwa kijana mbaya. “Inabidi wanunue mtambo mpya,” akasema.

Nilitaka kumwuliza kama anajua Lindi iko wapi. Badala yake nikaangalia pembeni ili asinione macho yangu, na hapo nikaona kabati dogo la kioo, lile la kupambia ofisi. Ndani yake, kwenye kitambaa chekundu, kulikuwa na kadi. Nilizijua kadi zile kama ninavyojua mikono yangu. Ilikuwa kadi ya joto, mpya, haijawahi kuguswa na moshi.

“Na ile?”

“Ile ni ya maonyesho tu, mama.”

“Ya maonyesho, lakini ni nzima?”

Nikakaa kwenye kiti chao cha ngozi na tope langu, nikamwambia nitamsubiri mkubwa wake. Nilisubiri mpaka jioni. Mkubwa alipokuja, mzee wa makamo mwenye adabu, alinisikiliza, akaagiza ufunguo, akafungua kile kioo mwenyewe. “Chukua, bibie,” akasema. “Hapa inakula vumbi.” Nilirudi Lindi nimeipakata safari nzima, na kwenye pantoni nilikataa kuiweka chini hata watu walipodhani nimebeba mtoto mgonjwa.

Sasa hapo ndipo mambo yalipofanyika kwa namna ambayo mtu wa kwingine hawezi kuielewa, na mtu wa kwetu haoni hata ajabu yake. Kadi mpya imefika. Kadi ya zamani ni kiraka kitupu. Mtu mwingine angechomoa ya zamani akatia mpya. Sisi tulikusanyika chumbani kwa fundi, meneja, fundi, mimi na msimamizi wa kina mama, tukaitazama, na hakuna hata mmoja aliyependekeza itumike.

“Ya zamani inafanya kazi,” fundi alisema. “Anayefanya kazi mwache afanye kazi.”

“Hii ni ya mwisho duniani,” meneja akasema. “Tuitunze.”

Tulikuwa watu wa foleni na mgao. Kwetu kitu kizuri hakikuwa cha kutumiwa, kilikuwa cha kuwekwa. Kila nyumba mtaani kwetu Mtanda ilikuwa na sahani za maua ambazo hazijawahi kutiwa wali, zinamsubiri mgeni. Basi nikaitia ile kadi kwenye kopo kubwa la maziwa ya unga, ikiwa ndani ya mfuko wake, nikazungushia mchele mkavu wa kunyonya unyevu, nikafunga kifuniko kwa nta ya mshumaa, nikaliweka rafu ya juu na kulifungia. Kina mama wa kumenya walipopata habari wakaipa jina Mwali, kwa kuwa amewekwa ndani haonekani na mtu. Asubuhi wakipita dirishani kwangu waliuliza, “Mwali hajambo?” Nami najibu, “Hajambo, ananawiri.” Tukacheka. Mwali alikaa ndani miaka.

Miaka hiyo yote tuliishi kwa kuokoteza. Niliambiwa Kilwa Masoko kulikuwa na kiwanda kidogo cha barafu kilichofungwa, na kabati lake ni ndugu wa letu. Nikapanda lori la chumvi mpaka Nangurukuru, nikashuka, nikafika Masoko na barua ya meneja mkononi. Kiwanda kilikuwa kuta tupu. Kabati lenyewe nililikuta kwenye mkahawa karibu na soko. Mwenye mkahawa alikuwa amelitia rafu, anaweka maandazi nyuma ya mlango wake wa kioo. Nilimwamkia, nikaagiza chai, nikanywa huku nikilichungulia. Vitu vilikuwa vimeng'olewa karibu vyote, lakini chini kabisa, nyuma ya sufuria, zilibaki rilei chache, vile visanduku vidogo vinavyofungua na kufunga umeme.

“Naomba vile,” nikamwambia.

“Vile vitu vya nini?”

“Vya kabati kama hili, linalofanya kazi.”

Alinitazama kana kwamba nimemwambia nina mume malaika. “Kumbe huwa yanafanya kazi?” akauliza. Hakuwa ananidhihaki. Alikuwa anauliza kweli. Nilizing'oa rilei zile kwa kisu chake cha kukatia mikate, na njia nzima niliyawaza maandazi yale, kwa sababu nilikuwa nimeona maiti yetu kabla hatujafa.

Wakati huo ruksa ilikuwa imefika mashambani. Wanunuzi binafsi walikuja na malori mpaka vijijini, Rutamba huko na Rondo, wakanunua korosho ghafi na kuzipakia melini, zikabanguliwe ng'ambo. Mkulima alilipwa papo kwa papo, na nani angemlaumu? Mimi nisingemlaumu. Lakini kiwanda kilianza kukosa korosho. Msimu ukawa mfupi, halafu ukawa mfupi zaidi. Kina mama walipewa likizo ambayo haikuwa likizo. Walikuja getini hivyohivyo kila asubuhi, wakakaa, wakaondoka jua likiwa kali.

Halafu meneja akatuita. Kiwanda kinauzwa, akasema. Amepatikana mnunuzi, mfanyabiashara, na ametoa neno lake mbele ya wakubwa: atakuja aone. Akikuta laini moja inafanya kazi sawasawa siku nzima, kuanzia kuwashwa asubuhi mpaka jioni, atakichukua kiwanda pamoja na watu wake. Isipofanya kazi, atatazama majengo tu.

Tulielewa. Hata msichana mdogo wa mwisho kuajiriwa alielewa. Mimi nilikuwa na mama yangu na watoto wangu katika nyumba moja Mtanda, baba yao alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na kazi ile ndiyo iliyowasha jiko letu. Kina mama wengi walikuwa hivyohivyo, au zaidi. Fundi kwake ilikuwa ni jambo jingine. Yeye angeweza kurudi Rondo akalima. Lakini alikuwa amekaa na lile kabati kuliko alivyokaa na watoto wake, na nilimwona siku ile anavyolishika mlango, taratibu, kama mtu anayempapasa ng'ombe anayeumwa.

Tulisafisha. Tulipaka chokaa kuta, tukakwangua kutu, tukaomba korosho kwa chama cha wakulima zitoshe siku moja. Kina mama walichangishana wakanunua khanga sare. Meneja hakulala, unamwona tu. Kila kitu kilikuwa tayari siku ya kuamkia ugeni, na kabati lilikuwa linafanya kazi. Nataka hili lieleweke. Ile kadi ya viraka, na waya wake na mshipi wake wa mwavuli, ilikuwa inafanya kazi, na tulikuwa tumeijaribu wiki nzima bila tatizo.

Meneja akaingia chumba cha vioo akaitazama.

“Mgeni atafungua hapa,” akasema.

“Atafungua,” fundi akakubali.

“Ataona hii.”

Wote tukaiangalia, tukaiona kwa macho ya mgeni. Ilikuwa aibu. Ilikuwa kama kumwandalia mgeni kwenye sufuria iliyochakaa na sahani nzuri zipo kabatini. Fundi mwenyewe ndiye aliyenigeukia.

“Mwanangu, kamtoe Mwali.”

Habari ilifika kwa kina mama kabla sijafika stoo. Walinifuata kwa vigelegele, wengine wameshavaa khanga zao, wakaimba nyimbo za kumtoa mwali ndani, zile zisizofaa kuandikwa. Nilivunja nta, nikamwaga mchele, nikatoa mfuko. Kadi ilikuwa inang'aa kama siku niliyoitoa kwenye kioo. Fundi alinawa mikono ndipo akaipokea. Aliitia, akawasha kabati, na kitaa cha kijani kikawaka. Tulipiga makofi. Kisha akazima upesi, asimchoshe. Mimi nilitoka nje nikalia kwa furaha, na sioni haya kusema, kwa sababu ndiyo mara ya mwisho niliyolia kwa sababu hiyo mahali pale.

Mgeni alifika asubuhi. Alikuwa mtu mtulivu, shati la mikono mifupi, msaidizi mmoja. Aliamkia wazee, akawapa kina mama pole ya kazi, akauliza maswali ya mtu anayejua korosho. Tuliwasha. Moto ukapanda, mafuta yakachemka, mkanda ukaanza kwenda, korosho zikaingia na kutoka na rangi ile ya kahawia tuliyoisahau. Mgeni alichukua moja ya moto akaibangua mwenyewe, akatazama punje, nzima, nyeupe. Alitabasamu. Akaingia chumba cha vioo, fundi akafungua mlango wa kabati kwa mbwembwe, na mgeni akaona kadi zimepangwa safi. “Mmevitunza,” akasema.

Walipokwenda kunywa chai nilibaki mlangoni. Nilisikia harufu kabla sijaona chochote, harufu kali, chungu, si ya korosho. Halafu kitu kikapasuka ndani ya kabati, sauti ndogo tu, kama punje ya mahindi kwenye kikaango. Vitaa vyote vikazimika kwa pamoja. Mkanda ukasimama na korosho zikiwa ndani ya mafuta.

Fundi alikuja mbio, na alikuwa mtu asiyekimbia. Alichomoa Mwali. Kiungo kimoja kidogo juu yake kilikuwa kimevimba na kuchanika, na maji ya kahawia yalikuwa yamechuruzika ubaoni. Kilipokufa kilivuta umeme wote kwake, na kadi ile ya kuwagawia wenzake umeme ikaungua ikiwa inajaribu kumlisha. Fundi aliirudisha kadi ya viraka mahali pake. Hakuna kitu. Aliichomoa, akaipangusa kwa shati lake, akaitia tena. Kadi nzima hiyo, haina kosa lolote, lakini hapakuwa na umeme wa kuifikia. Korosho zilikuwa zinaungua tangini na moshi mweusi umeanza kuwaingia kina mama kwenye mabenchi, na hakuna aliyeinuka.

Mgeni alirudi na kikombe mkononi. Hakukasirika. Heri angekasirika.

“Mna kadi nyingine ya umeme?”

“Hatuna,” meneja akasema.

“Si kuna laini ya pili pale? Ina kabati lake.”

Tukatazamana. Fundi alikwenda naye. Alimfungulia Marehemu mlango, kwa sababu angefanya nini, na ndani hamkuwa na kitu, reli tupu za kadi, waya zilizokatwa, na nyumba ya nyigu kwenye pembe ya juu. Kadi ya umeme ya hapo tulikuwa tumeshairithi zamani, ndiyo iliyoungua asubuhi ile. Mgeni alichungulia ndani, akaufunga mlango mwenyewe polepole ili asiwashtue nyigu.

Tulimwandalia pilau, akala, akashukuru. Alizunguka nje na msaidizi wake. Nilikuwa nimesimama karibu na stoo nikamsikia anamwambia, “Paa ni zuri. Na si mbali na bandari.” Basi. Msimamizi wa kina mama aliyasikia pia. Alivua ile khanga yake mpya ya kichwani, akaikunja vizuri, akaitia kikapuni, akaondoka bila kuaga.

Kiwanda kikawa ghala la korosho ghafi. Mnunuzi alinibakiza mimi nishike funguo, kwa kuwa ghala nalo lahitaji mtu. Wengine wote walikwenda, wengi vijijini kwao, na nilijifunza kupita njia nyingine nikienda sokoni ili nisikutane na waliobaki mjini. Hawakuwahi kunisema vibaya. Lakini magunia yaliyotoka getini kwangu yalikuwa kazi yao inayosafirishwa, na mimi ndiye nilikuwa nafungua geti.

Baadaye sana alikuja fundi wa Dar es Salaam kuweka taa ghalani. Nilimsimulia, kwa sababu nilikuwa bado namsimulia kila mtu. Alisikiliza akatikisa kichwa. “Vile viungo vikikaa miaka bila umeme vinaharibika ndani kwa ndani,” akaniambia. “Kwa nje vinang'aa tu. Ungekuwa unaiwasha mara mojamoja, au ungeiacha tu ifanye kazi tangu siku ile ya kwanza, ingekuwepo mpaka leo.” Alisema hivyo akiwa juu ya ngazi, anakaza taa. Nilimshukuru. Nilikwenda kukaa nyuma ya magunia, na niliona kiza kwa muda ambao siwezi kuusema. Siku zote nilikuwa nikimlaumu Mungu, na wageni wa nchi za mbali, na ruksa. Kumbe tuliua kwa kutunza.

Fundi wetu nilikuwa sijamwona tangu siku alipoondoka kwenda Rondo. Alitokea msimu mmoja wakati malori yanapakia. Alikuwa amekonda, na ameshika mfuko wa plastiki kifuani.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba, mwanangu. Nyumbani wazima?”

“Wazima. Mama ameshatutoka.”

“Pole sana. Sikupata habari.” Akamwombea mama, kisha akafungua mfuko. Ndani, kwenye kitambaa cheupe, ilikuwa kadi ya umeme, ile iliyoungua. Kumbe aliondoka nayo. Miaka yote hiyo, kule Rondo, alikuwa akiitengeneza, kiungo kimoja leo na kingine msimu mwingine, kwa vitu vya redio alizoletewa na wanakijiji.

“Imekubali,” akasema. “Nimeijaribu kwa betri za gari. Inatoa sawasawa. Nimekuja tuirudishe, halafu tumwite yule bwana aone.”

Nilimwangalia nikitafuta kama anatania. Alikuwa amevaa shati lake la kazi, lile la kiwanda, limefuliwa na kupigwa pasi.

Sikuweza kumwambia getini. Nilimshika mkono nikampitisha kati ya magunia mpaka chumba cha vioo. Vioo havikuwepo. Magunia yalikuwa yamefika darini, na kwenye upenyo wa ukuta, sakafuni, zilionekana bolti za kabati zilizokatwa, zimebaki kimo cha ukucha.

“Walikuja watu wa vyuma chakavu,” nikasema. “Walilikata papa hapa. Mimi ndiye niliyewafungulia.”

Alichuchumaa akazigusa zile bolti. Wapakiaji walikuwa wanapiga kelele nje, dereva mmoja anapiga honi. Halafu akainuka, akaifunga kadi kwenye kitambaa chake, pembe kwa pembe, akanikabidhi.

“Basi niwekee,” akasema. “Pasiwe na unyevu.”

Nikaipokea kwa mikono miwili. Nikamwambia nitaiweka.